Landrova 109 ya mkonge: nyaya za betri, ethi na stata (shajara ya mradi)

Hali ilivyo kabla sijagusa kitu

Gari ni Landrova Series III 109, petroli, injini ya 2.25, ilifanya kazi shamba la mkonge njia ya Muheza kabla haijapita mikono ya watu wawili watatu na kunifikia mie hapa Tanga mjini. Series III zilitoka 1971 mpaka 1985 kwa hiyo hata ukisema hii ni ya mwisho mwisho bado ni mtu mzima. Bodi nzuri, chesisi imechomelewa sehemu lakini imara, injini haitoi moshi. Ugonjwa wake ni mmoja tu, kuwaka. Asubuhi stata inazunguka kama mtu anayeamshwa daku, gwiii... gwiii... halafu inakata tamaa. Ikishakuwa ya moto ndo kabisa, unasikia tik, basi.

Na kuna dalili moja ambayo waliowahi kumiliki gari za zamani wataijua, haiwaki wakati unapiga stata, inawaka ile unapoachia swichi tu, injini bado ina mzunguko kidogo, pap inashika. Watu wanaicheka wanasema gari ina majini. Hakuna jini hapo. Stata ikishakamata umeme wote koili (ile inayotengeneza cheche za plagi) inabaki na volti za kuombea, cheche inakuwa dhaifu, ukiachia swichi stata inaacha kula na koili inapata chake, plagi zinachoma, gari inawaka. Ukiona hivyo jua kuna mahali umeme unapotea njiani, na ukiachana na hiyo dalili ukakimbilia kabureta utafungua kabureta mpaka ikome na gari itabaki vilevile.

Ushauri niliopewa na kila aliyepita pale kibarazani ulikuwa mmoja: betri. Nunua N70 mpya. Sasa aliyeniuzia aliniachia betri mbili stoo akisema zimekufa, nikazipeleka kuchaji usiku kucha, zikashika chaji zote mbili na zimekaa siku kadhaa hazijashuka. Huyo mtu alikuwa ananunua betri kutibu waya. Wa pili kwa umaarufu ni "peleka stata ikafungwe upya", hilo ntalifikia, lakini sifungui stata kabla ya kupima.

Jumamosi: kupima

Hii ndo kazi yenyewe na inataka mita ya kawaida tu, ile ya dijitali ya bei rahisi inatosha, na mtu wa pili wa kukaa kwenye swichi. Nikamchukua mtoto wa jirani. Nikachomoa waya wa koili ili injini isiwake, gia nyutro, hendibreki juu. Mita kwenye DC volti 20.

Kitu cha kuelewa, hapa hupimi waya na ethi (chuma cha gari, njia ya umeme kurudi betri) kama tulivyozoea kupima taa. Unapima ncha mbili za kitu kimoja huku stata inazunguka. Waya mzima, mnene, uliofungwa vizuri utasoma karibu na sifuri. Ukisoma volti yoyote ya maana, hiyo ni volti iliyobaki njiani. Ukipima gari ikiwa imelala tu kila kitu kitakuonyesha 12.6 na utasema nyaya nzima, kwa sababu waya hata ukibaki na nyuzi tatu unapitisha volti zote kama hakuna kinachovuta. Ndo maana ile taa ya kupimia ya mafundi inadanganya sana kwenye kesi hizi, taa inakula amp moja au chini ya hapo, stata inakula mia na zaidi.

Betri ikiwa imelala: 12.6. Nzima kabisa.

Betri wakati wa kupiga stata, pini za mita kwenye vichwa vyenyewe vya betri: 10.9. Bado nzima, mie naanza kuitilia shaka betri ikishuka chini ya 9.6 kwa joto letu hili la pwani.

Kwenye stata, pini moja kwenye bolti yake na nyingine kwenye chuma cha stata yenyewe: 8.4.

Yaani volti 2.5 hazijafika. Jamaa yangu anayefunga umeme wa viwandani aliniazima mita ya kubana, ile inayokumbatia waya na kusoma amp, ikasoma kama amp 170 hivi ikizunguka, kwa hiyo piga hesabu, 2.5 mara 170, wati 425 zinageuka joto kwenye nyaya na viungo badala ya kuzungusha injini. Zaidi ya wati 400, pasi ndogo ya safari hiyo.

Halafu nikaanza kuitafuta kipande kwa kipande. Kichwa cha betri cha posti (chanya) hadi terminali iliyokibana, yaani vitu viwili vinavyogusana: 0.3. Terminali hadi solenoidi (swichi kubwa ya sumaku inayopeleka umeme kwenye stata): 0.5. Solenoidi yenyewe, bolti ya kuingilia na ya kutokea: 0.3. Solenoidi hadi stata: 0.2. Upande wa posti jumla 1.3. Sasa upande wa negativu, ambao hakuna aliyewahi kuutaja pale kibarazani: kichwa cha betri hadi chesisi 0.3, chesisi hadi bloku ya injini 0.9.

Rudia hiyo, 0.9 kati ya chesisi na injini. Ndo tatizo kubwa kuliko yote kwenye gari hii na liko upande ambao mafundi wengi wanauita "ethi si ipo, si imeshikana na chuma".

Kwa wanaotaka kipimo cha kulinganisha, mie naenda na kanuni ya kawaida ya mafundi umeme, posti yote isizidi 0.5, negativu yote isizidi 0.5, na kiungo kimoja kimoja kisizidi 0.1. Ikiwa chini ya hapo ni vizuri zaidi.

Jumamosi hiyohiyo, jioni: kufungua

Negativu kwanza. Kila siku negativu kwanza kutoa na mwisho kurudisha, maana ukianza na posti na spana ikagusa bodi unachomelea spana, pete na kidole.

Betri kwenye gari hii mtu aliihamishia chini ya siti, kwa hiyo waya wa posti ni mrefu, mita 2 na kitu mpaka solenoidi iliyoko ukuta wa injini. Sio vibaya kukaa kule, joto limepungua na uzito umeshuka, ila ukirefusha waya inabidi uunenepeshe, na aliyehamisha aliunganisha waya uleule wa mm 16 na kipande kingine cha mm 16, kiungo katikati kimesokotwa na kufungwa tepu nyeusi. Tepu imeyeyuka gundi, vumbi la mkonge bado limo humo.

Terminali ya posti nikaigusa ikazunguka kwa mkono. Kumbe kuna msumari. Betri iliyokuwemo zamani bila shaka ilikuwa yenye vichwa vinene, halafu mtu akaweka ndogo ya vichwa vyembamba kama zile za NS40, terminali ikacheza, akapigilia msumari wa nchi mbili pembeni kujaza nafasi. Alivyorudisha betri ya vichwa vinene msumari ukabaki. Kwa hiyo umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye msumari wenye kutu na mstari mmoja wa risasi. Msumari nimeuweka kwenye kopo, ntauonyesha watu.

Nikachuna mpira wa waya pale karibu na terminali. Nje unaonekana mzima, ndani nyuzi zote nyeusi tii, nikachuna zaidi, bado nyeusi, sentimita kama 20 mbele ndo unaanza kuona shaba, na pale mwanzoni ukizikunja zinavunjika zinamwaga unga wa kijani. Asidi ya betri imenyonywa na nyuzi ikapanda ndani kwa ndani, na huu upepo wetu wa chumvi umemalizia. Waya wa namna hii hata ukikata ncha ukaweka lagi mpya (kile kichwa cha shaba chenye tundu la bolti) hujafanya kitu, lagi haishiki shaba nyeusi.

Ethi ya injini sasa. Injini ya gari imekaa kwenye mipira, haigusani na chesisi kwa chuma, ndo maana kiwandani wanaweka mkanda wa shaba uliosukwa kutoka chesisi kwenda giaboksi. Wangu ulikuwepo. Nimesema ulikuwepo, umebaki theluthi moja ya nyuzi na bolti yake imepakwa rangi na grisi na tope la miaka. Umeme ulikuwa unatafuta njia nyingine za kurudi betri, na nikazikuta. Waya wa choki, ule wa kuvuta kwa mkono, ganda lake limebabuka na ukiuvuta unakwaruza. Zile amp za stata zilikosa njia zikapita kwenye waya wa choki. Nimekumbuka aliyeniuzia alivyoniambia "choki ngumu, itie oili". Ndugu yangu, ile choki ilikuwa inafanya kazi ya ethi.

Hesabu ya waya, fupi

Shaba safi ya mm 16 ina ukinzani wa kama mili-omu 1.1 kwa mita. Mm 25 ni 0.7. Mm 35 ni 0.5. Mm 50 ni 0.35. (Mm hapa ni eneo la shaba likikatwa, sio unene wa nje na mpira wake, kuna wauzaji wanakupimia na mpira.)

Mie nina mita 2.2 kutoka betri hadi solenoidi. Kwa amp 170, mm 16 mpya kabisa ingekula volti 0.4, mm 25 ingekula 0.26, mm 35 inakula 0.19. Kwenda mm 50 kunaniokolea kama 0.06 tu na waya wenyewe haupindi vizuri kwenye kona za chesisi, na lagi zake kuzipata ni kuzunguka. Nimechukua mm 35. Kama betri yako iko palepale chini ya boneti karibu na solenoidi, mm 25 inakutosha wala usisumbuke.

Kununua

Nilitaka waya wa kuchomelea, ule wa mashine ya weldingi, una nyuzi nyembamba mno nyingi sana, unapinda kama kamba na hauchoki kwa mtikisiko. Waya wa nyumba hata ukiwa mnene nyuzi zake ni chache na nene, kwenye barabara ya vumbi unakatika pale pale kwenye lagi.

Duka la kwanza, waya mzuri wa rangi ya chungwa, bei ikanifurahisha. Nikauinua. Mwepesi. Nikamwomba muuzaji nikwangue uzi mmoja kwa wembe, akakunja uso ila akaniruhusu, chini ya wekundu mweupe peee. Alumini imepakwa shaba. Hizi zimejaa siku hizi, zinapitisha umeme karibu theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule, na kwenye lagi alumini inalegea na kuota ule unga mweupe haraka, tena kwa chumvi ya Tanga usiseme. Kama hutaki kukwangua tumia kiberiti cha gesi, uzi wa alumini unalegea na kukatika, wa shaba unawaka wekundu na unabaki palepale. Muuzaji akaniambia "wenzako wote wanachukua huu", nikamjibu ndo maana wenzangu wote wanasukuma magari, akacheka, tukaachana kwa wema.

Wa shaba nimeupata Ngamiani, duka lenye vifaa vya weldingi, mzito, umekaa kidogo stoo lakini nilipokata ncha ndani unang'aa. Nimechukua mita 5, mwekundu haukuwepo, wote mweusi, ntatofautisha kwa mpira wa kunywea (unaosinyaa ukipata joto) mwekundu kwenye ncha. Lagi za shaba zilizopakwa bati, tundu la mm 8 na mm 10. Terminali za betri za risasi zenye bolti ya kupokea lagi, sio zile za kubana waya kwa kijisahani na skrubu mbili, zile zinaacha nyuzi wazi kwa asidi.

Lagi: kubana au kumimina

Hapa palikuwa na mjadala. Mzee mmoja fundi umeme wa magari, amefanya kazi hizi tangu Bedford zinabeba mkonge, nilimpelekea salamu na waya pamoja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia lagi.

"Utazimimina risasi?"

"Hapana mzee, nimeazima plaizi ya haidroliki nizibane."

"Zibane, sawa. Lakini mie zangu za kumimina mpaka leo zipo barabarani."

Na ni kweli zipo, sibishi. Kumimina kunapitisha umeme vizuri sana ukipata joto la kutosha. Tatizo ni mawili. La kwanza risasi inanyonywa juu na nyuzi, waya laini unakuwa mgumu kama ufito sentimita chache, na pale ugumu unapoisha ndo unapokatikia kwa mtikisiko. La pili, wengi wanatumia ile asidi ya mafundi wa mabati kusafishia, inabaki ndani inakula shaba taratibu. Pia risasi hiyo inayeyuka nyuzi joto 180 na kitu, kiungo kikilegea mahali kikapata moto risasi inadondoka. Kubana kwa nyundo na patasi ndo kubaya kuliko vyote, inaonekana imeshika, ndani kuna hewa.

Plaizi ya haidroliki ina vibano vya pembe sita vya kila saizi. Unachuna mpira urefu uleule wa shingo ya lagi, unaingiza nyuzi zote usiache hata moja nje, unabana mara mbili kwa shingo ndefu. Nilikata lagi moja ya majaribio kwa msumeno kuona ndani, nyuzi zimeshikana zikawa kipande kimoja, huoni mpaka wa uzi na uzi, inang'aa kama imesagwa. Mzee akaichukua ile nusu akaigeuza kwenye mwanga muda mrefu, akaitia mfukoni bila kusema kitu. Sikuidai.

Juu ya shingo mpira wa kunywea wenye gundi ndani, ule wa gundi sio wa kawaida, ukipata joto gundi inatoka kidogo kwenye mdomo na hapo asidi na chumvi hazina pa kuingilia.

Ethi

Hapa nimebadilisha mpango wa zamani. Awali ilikuwa betri kwenda chesisi, halafu chesisi kwenda injini. Kila kiungo cha chesisi ni kutu mpya inayosubiri. Nimepitisha waya mmoja mzima wa mm 35 kutoka negativu ya betri moja kwa moja mpaka bolti ya nyumba ya klachi, karibu na stata. Stata ndo mlaji mkubwa, apewe njia yake fupi bila kupitia kwa mtu. Halafu kutoka bolti hiyohiyo mkanda mpya uliosukwa kwenda chesisi, na waya mwembamba zaidi kutoka negativu kwenda bodi kwa ajili ya taa na honi. Landrova bodi yake ni alumini imekaa juu ya chesisi ya chuma, vyuma viwili tofauti na maji ya chumvi katikati vinalana, usitegemee bodi ikurudishie umeme kwa kupitia skrubu zake.

Kusafisha mahali pa kufungia: msasa mpaka chuma king'ae, eneo kubwa kuliko lagi yenyewe, wosha ya meno chini ya lagi, kaza, ndipo upake grisi juu. Juu, ukishakaza. Ukipaka kwanza halafu ukafunga bila kukaza vizuri umeweka ukuta.

Trei ya betri niliimwagia maji ya moto na soda ya kuokea ikachemka povu kama sabuni, nikasuuza, nikapaka rangi. Vichwa vya betri nimevisugua, terminali mpya zimekaa mpaka chini, vaselini juu.

Waya wa posti hauna fyuzi mahali popote mpaka stata, hakuna fyuzi ya kawaida inayostahimili hizo amp, kwa hiyo ukichubuka kwenye chesisi ni moto na gari inaisha palepale. Nimeupitisha ndani ya bomba la mpira, klipu kila kama shubiri mbili, na kila tundu la chuma lina mpira wake. Tundu moja la ukuta wa injini mpira wake haupatikani saizi ile, nimekata bomba la maji la radieta nikalipasua nikavisha kingo, linakaa vizuri.

Solenoidi na swichi

Gari hii ina stata ya kizamani ya Lucas, bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika flaiwili) inaruka yenyewe kwa kasi ya mzunguko, solenoidi iko mbali ukutani, haijakaa mgongoni mwa stata kama gari za kisasa. Faida yake solenoidi unabadilisha kwa spana mbili umesimama. Nilinunua ya mkebe mpya, kabla sijaifunga nikapima, nyepesi na bolti zake za chuma zilizopakwa rangi ya shaba (sumaku ikashika, shaba haishikwi na sumaku). Nikairudisha nikafungua ile ya zamani badala yake. Sahani ya shaba ndani imechimbika upande mmoja kama mwezi, nikaigeuza upande wa pili ambao haujawahi kuguswa, nikasawazisha vichwa vya bolti kwa tupa ndogo, nikafunga. Volti 0.3 ikawa 0.07.

Waya mdogo wa kuamrisha solenoidi kutoka kwenye swichi ulikuwa unapoteza volti zaidi ya moja, swichi imechoka. Nimeweka rilei (swichi ndogo ya sumaku) ya amp 40 pembeni ya solenoidi, swichi inaamrisha rilei, rilei inaamrisha solenoidi. Kazi ya nusu saa, sina la kueleza zaidi.

Stata yenyewe

Sasa ndo nikaishusha, kwa sababu nyaya zimeshakuwa sawa na nataka kujua ilivyo, sio kwa sababu inalaumiwa. Ndani sio mbaya kihivyo. Kaboni nne, mbili zimekaribia milimita 8 ambayo ndo mwisho wake, nimebadilisha zote nne. Bushi ya mbele imekula, amecha (sehemu inayozunguka) ilianza kugusa fildi (sehemu iliyotulia inayoizunguka), unaona mstari unaong'aa. Bushi mpya za shaba ya vinyweleo zinataka kulala kwenye oili ya injini usiku mzima kabla ya kufungwa, zinanyonya, ndo grisi yao ya maisha. Watu wanazigonga kavu zinaisha mapema.

Kolekta, zile shaba zinazoguswa na kaboni, nimeisafisha kwa msasa laini tu. Kijana mmoja gereji alitaka kuchimba maika (kitenganishi kisichopitisha umeme) kati ya shaba na shaba kwa kipande cha msumeno kama wanavyofanya kwenye dinamo, nikamzuia, stata hizi za Lucas hazichimbwi, unga wa kaboni na shaba unajaa kwenye mitaro na kupiga shoti.

Na bendiksi. Ilikuwa imejaa grisi ya bluu na mchanga, pesti kabisa, ndo maana siku nyingine ilikuwa inalia wiiiiii bila kushika flaiwili. Bendiksi ya aina hii haipakwi grisi, iko wazi kwenye vumbi la klachi na grisi inakusanya kila kitu. Nimeosha na mafuta ya taa, nikaikausha, ikawa inateleza kwenye mkunjo wake ukiitikisa kwa mkono. Irudi kavu hivyohivyo.

Kupima tena

Betri imelala 12.6. Betri ikipiga: 10.7, imeshuka kidogo kuliko mwanzo kwa sababu sasa stata inavuta inachokitaka. Kwenye stata: 10.2. Kutoka 8.4 hadi 10.2 na betri ni ileile ya stoo iliyoitwa maiti.

Posti yote 0.35. Negativu yote 0.15.

Nikarudisha waya wa koili, nikavuta choki (laini), nikagusa swichi. Haikuzunguka mara tatu. Mtoto wa jirani akasema "imeshawaka?" maana alikuwa anasubiri ile gwiii.

Mtihani wa moto niliufanya njia ya Pangani, jua la saa nane, na sikuchagua Pangani bure. Mwanzoni mwa mwaka nilizima gari kwenye pantoni, kufika Bweni ikagoma, abiria wakashuka kunisukuma kupandisha ule mwinuko huku bodaboda zinapiga honi nyuma na mama mmoja mwenye ndoo za samaki akinishauri niuze. Safari hii nikazima tena makusudi, tukavuka, watu wakaanza kuwasha pikipiki zao, nikagusa swichi ikashika nikatoka. Ng'ambo nikafungua boneti nikashika kila kiungo kwa kiganja mara baada ya kupiga stata mara kadhaa. Kiungo kibovu kinachoma mkono. Vyote baridi, isipokuwa bolti moja ya solenoidi iliyokuwa na uvuguvugu, nikaikaza robo mzunguko.

Yaliyobaki

Waya wa choki unabadilishwa, ganda limeungua huwezi kuliamini. Kishikio cha betri kinatengenezwa, kwa sasa imefungwa kwa mkanda wa lori. Swichi ya kukata betri nilifikiria kuweka nikaghairi, zilizopo madukani nilizopima zinapoteza volti 0.2 peke yake, sitaki kurudisha kwa mlango wa nyuma nilichokitoa. Hendeli ya kuzungusha kwa mkono inabaki chini ya siti, siitupi, ila anayeitumia aweke dole gumba upande mmoja na vidole vingine, ikirudi nyuma haina huruma.

Jirani ana Peugeot 504 pikapu, stata nzito, kashanunua betri mwaka huu na ameshaambiwa stata imekufa. Leo jioni nilimpigia mita kidogo tu, bloku ya injini hadi kichwa cha negativu: 1.1. Fedha za stata bado ziko mfukoni mwake, Jumamosi tunaanza na mkanda wa ethi.